Anwani ya Maunzi kwa Mashine Isiyo na Maunzi

Istilahi "anwani ya maunzi" huleta utata inapohusu mashine pepe, yaani kompyuta iliyo programu tu ndani ya kompyuta nyingine. Anwani hiyo ina biti 48. Kwa kadi halisi, biti 24 za mwanzo aghalabu humtambulisha mtengenezaji, ambaye huzipata kwa IEEE, chama cha wahandisi. Mashine pepe hupewa yake na programu. Mara nyingi biti moja ya baiti ya kwanza hutangaza kuwa anwani imetolewa papo hapo, kama zile za QEMU zianzazo na 52:54:00.

Jina la mtaa wa Kiamaiko, Nairobi, lasaidia kulifafanua jambo hili. Kia- ya Kikikuyu haitaji mtu wala mahali, bali uhusiano. Maiko ndilo jina. Biti ile nayo haitaji mashine, hutaja asili ya anwani.

Lakini mitaa miwili ikiitwa jina moja, msikilizaji huuliza, swichi haiulizi. Mashine pepe ikinakiliwa pamoja na anwani yake katika mtandao uleule, swichi huyumba kati ya milango miwili na ujumbe hupotea. Nakala haina budi kupewa anwani mpya. "Anwani ya kadi" ingefaa zaidi, kwani kadi, ingawa pepe, ipo.