Nguo za mpanda farasi: nani analipa, na pesa inakwenda wapi

Swali liliingia kwa ujumbe mfupi baada ya taarifa za michezo: "Wale wanaoruka viunzi na farasi kwenye Olimpiki, zile nguo wananunua wenyewe au wanapewa? Na ni shilingi ngapi?" Hewani nilijibu kwa sentensi mbili kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Hapa pana nafasi zaidi, kwa hiyo tulichukue taratibu.

Wengi wananunua wenyewe. Anayevaa bendera ya taifa lake anaweza kupewa koti la timu, na wale wenye majina makubwa hupewa nguo na makampuni ili watangaze biashara. Lakini hao ni wachache. Mpanda farasi wa kawaida kule Ulaya ni mtoto anayepelekwa na wazazi kujifunza siku ya Jumamosi, au mtu mzima anayetoka kazini jioni akaenda bandani kwa farasi wake. Huyo hana mfadhili. Kila kitu, kuanzia kofia hadi buti, kinatoka mfukoni mwake.

Nitachukua mfano wa Uingereza, kwa sababu kule mchezo huu ni wa siku nyingi na maduka yake yana vitu vya kila bei. Ili hesabu isitusumbue, tuchukue pauni moja kuwa shilingi 3,300 za Tanzania. Bei zenyewe hupanda na kushuka, ila zitakupa picha.

Mwanafunzi anayeanza anaweza kupata kofia ngumu kwa pauni 50 hivi, suruali ya kupandia kwa pauni 30, buti fupi kwa pauni 40 na glavu kwa pauni 10. Jumla pauni 130, yaani shilingi 429,000. Akiongeza kizibao cha kukinga kifua na mgongo, ambacho ni kama pauni 100, anafika shilingi 759,000. Huyo amejibana kweli kweli.

Sasa mtazame anayeshindana. Kofia pauni 300, suruali nyeupe pauni 150, buti ndefu za ngozi pauni 400, koti pauni 250, shati pauni 50, glavu pauni 30, kizibao pauni 130. Jumla pauni 1,310, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni nne na laki tatu. Kwa wengi wetu hiyo ni ng'ombe kadhaa. Na hapo hajanunua tandiko, hatamu, wala farasi mwenyewe.

Ukiziangalia hesabu hizo mbili kwa makini utaona jambo. Huyu wa pili ametumia mara tano na zaidi ya yule wa kwanza, lakini hajawa salama mara tano. Kofia ya pauni 50 na ya pauni 300, zote zikiuzwa na muuzaji halali na zikiwa na alama ya ubora, zimepita majaribio ya lazima yaleyale kabla ya kufika dukani. Kinachoongezeka kwenye bei mara nyingi ni wepesi, matundu ya hewa, kitambaa kizuri ndani, umbo la kupendeza na jina la kampuni. Hayo si mabaya, na wapo watengenezaji wanaopita kiwango cha chini. Ila ukiwa na pesa kidogo, ni vizuri ujue unalipia nini.

Tubaki kwenye hiyo kofia, kwa sababu ndiyo kitu pekee kati ya vyote hivi kinachoweza kuamua kama mtu atarudi nyumbani akiwa na akili zake. Aliyekaa juu ya farasi mkubwa, kichwa chake kiko karibu mita mbili na nusu kutoka ardhini. Farasi ana uzito wa kilo 500 hivi, anashtuka kwa mfuko wa nailoni unaopeperuka, na wa mbio anaweza kupita kilomita 60 kwa saa. Mtu akianguka kutoka pale, kinachomsaidia ni tabaka la povu gumu lililoko chini ya lile ganda la nje. Povu hilo ni ndugu wa lile jeupe linalokuja ndani ya boksi la televisheni. Kazi yake ni kupondeka. Linapopondeka linameza nguvu ya kishindo ambayo ingeingia kwenye ubongo.

Tatizo ni kwamba likishapondeka halirudi. Kofia iliyokwisha kuanguka na mtu inaweza kuonekana mpya kabisa kwa nje, ganda linang'aa, kamba nzima, kumbe ndani imekwisha kazi. Ndiyo maana wapanda farasi wanaojua hawanunui kofia ya mtumba hata siku moja, na watengenezaji hushauri ibadilishwe baada ya pigo kubwa, au baada ya miaka mitano hivi hata kama haijaanguka. Ndugu zangu wa bodaboda, helmeti zenu za pikipiki nazo zina povu la aina hiyo ndani. Ile inayouzwa barabarani ikiwa imetumika, hujui ilitoka kwenye ajali gani.

Kwa muda mrefu hata mabingwa hawakulipa jambo hili uzito. Katika ule mchezo ambao farasi hucheza kwa hatua zilizopangwa kama gwaride, wapandaji wa ngazi ya juu walivaa kofia ndefu nyeusi za kiungwana, kama za mabwana harusi wa Kizungu wa zamani. Zilikuwa za bei kubwa, zilipendeza, na hazikukinga chochote. Machi 2010, Courtney King-Dye, Mmarekani aliyekuwa amepanda farasi kwenye Olimpiki ya 2008, alianguka akiwa mazoezini baada ya farasi kujikwaa. Hakuwa na kofia ngumu. Alikaa katika hali ya kutojitambua kwa wiki kadhaa, na baada ya hapo ilimbidi ajifunze upya hata kutembea. Ajali hiyo ilizua kampeni kubwa ya kuwataka wapandaji wavae kofia ngumu kila wakati. Miaka miwili baadaye, kwenye Olimpiki ya London 2012, Charlotte Dujardin wa Uingereza alitwaa dhahabu akiwa amevaa kofia ngumu wakati wengine bado walikuwa na zile ndefu. Kuanzia Januari 2021, shirikisho la kimataifa la mchezo huo lilifanya kofia ngumu kuwa lazima kwa wote.

Tuseme na upande wa pili, maana si haki kuuza kofia kama dawa ya kila kitu. Christopher Reeve, mwigizaji aliyejulikana kwa filamu za Superman, alianguka kutoka kwa farasi mwaka 1995 akiwa amevaa kofia na kizibao cha kinga. Alivunjika shingo na akapooza. Kofia hulinda fuvu na ubongo, shingo haiiwezi.

Kwa watoto, Uingereza haikuacha suala hili kwa hiari ya wazazi. Ipo sheria ya mwaka 1990 inayotaka mtoto wa chini ya miaka 14 anayepanda farasi barabarani avae kofia ngumu.

Suruali nayo ina historia yake. Watu hudhani inabana kwa sababu ya urembo. Hapana. Ukipanda farasi kwa saa moja ukiwa na jinzi, ule mshono mnene wa ndani ya mguu utakuchubua hadi ushindwe kukaa. Suruali ya kupandia haina mshono mnene pale, na magotini au makalioni huwekwa kipande kigumu cha kushika tandiko lisiteleze. Jina la Kiingereza la suruali hizi limetokana na mji wa Jodhpur, India. Pratap Singh, mtu wa ukoo wa kifalme wa huko, alikwenda Uingereza mwaka 1897 kwenye sherehe za miaka 60 ya Malkia Victoria, na suruali alizovaa yeye na watu wake zikawavutia Waingereza. Zilikuwa pana sana mapajani na za kubana chini ya goti, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na kitambaa kinachovutika. Vitambaa vya kuvutika vilipokuja, ule upana ukaondoka.

Buti ndicho kitu ambacho mtu wa kijijini ataelewa haraka kuliko wa mjini. Mguu wa mpandaji hukaa kwenye kikuku, yaani ile pete ya chuma inayoning'inia kwenye tandiko. Ukivaa raba isiyo na kisigino, mguu unaweza kupenya wote. Ukianguka hapo, unabaki umening'inia na farasi anakimbia na wewe. Kisigino kidogo cha sentimita mbili hivi huzuia mguu usipite. Soli nayo iwe karibu laini, isiwe ya meno makubwa kama ya buti za mvua, kwa sababu meno hayo hunasa kwenye kikuku. Hivyo viwili, kisigino na soli, vinapatikana kwenye buti ya bei ndogo. Zile ndefu hadi chini ya goti, za ngozi, zilizoshonwa kwa vipimo vya mguu wako na zinazoweza kupita pauni 600, zinapendeza kweli na zinakinga ndama za miguu zisisuguliwe. Lakini wengi huvaa buti fupi na kufunga juu yake kipande cha ngozi kinachozunguka ndama. Kazi ni ileile, kwa sehemu ndogo ya bei.

Koti sina mengi ya kusema. Ni sare ya mashindano, asili yake ni uwindaji na jeshi, na kwa mwanafunzi linaweza kungoja.

Kwenye mbio za farasi mambo hubadilika kidogo. Zile nguo za rangi kali unazoziona kwenye televisheni, njano na vitone vyekundu au bluu na mistari, si za mpandaji. Ni rangi za mwenye farasi, na siku moja joki anaweza kubadilisha rangi hizo mara tano kwa kuwa anapanda farasi wa watu watano. Lakini buti, suruali, kofia, na mara nyingi hata tandiko, ni vyake. Na hapo kila gramu ina maana, kwa sababu joki hupimwa uzito pamoja na tandiko lake. Anaponunua buti nyembamba kama karatasi, analipia wepesi. Uingereza walifanya jambo la busara: kofia haihesabiwi kwenye mizani, ili joki asishawishike kutafuta kofia hafifu.

Hapa kwetu farasi ni wachache. Ndorobo anayeenezwa na mbung'o, na ugonjwa mwingine wa virusi unaoua farasi haraka, vilifanya wanyama hawa wasitulie sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Hata hivyo wapo. Nairobi kuna mbio katika uwanja wa Ngong, chini ya Jockey Club of Kenya. Kuna safari za watalii kwa farasi katika maeneo ya wanyamapori, Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Na popote penye farasi pana saisi, mtu anayewalisha, kuwasugua, kuwatembeza alfajiri, na mara nyingi kuwapanda ili wasikae bure.

Kwa saisi, swali la msikilizaji wetu linageuka. Mtalii hufika na buti zake na kofia yake, amelipia kwa raha yake. Saisi yuko kazini, na farasi hamwulizi mtu kama ni mgeni au mwajiriwa kabla ya kumwangusha. Sheria za usalama na afya mahali pa kazi, ya Tanzania ya mwaka 2003 na ya Kenya ya mwaka 2007, zinamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga pale kazi inapokuwa na hatari. Kwa mtazamo wangu, kofia ya kupandia iko kwenye fungu hilo sawa na kofia ya fundi mjenzi. Kama kijana wako amepata kazi kwenye banda la farasi, aulize mapema: kofia ipo? Ni yangu peke yangu, au tunapokezana?

Kupokezana si jambo dogo, kwa sababu kofia hukinga tu ikikaa sawasawa kichwani. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kichwa juu kidogo ya nyusi na masikio, usome sentimita. Watu wazima wengi huangukia kati ya 54 na 60, na kofia nyingi zimeandikwa namba hiyo ndani. Ukiivaa, tikisa kichwa kabla ya kufunga kamba. Ngozi ya paji la uso ikisogea pamoja na kofia, inakutosha. Ikizunguka peke yake ni kubwa, na kujaza kitambaa ndani hakusaidii. Omba namba nyingine.