Hedi na Pistoni katika Kufufua Injini ya Mini

Gari dogo la Mini, lililobuniwa na Alec Issigonis na kuanza kuuzwa Uingereza mwaka 1959, lilipewa injini ya ukoo wa A-Series, ambayo kampuni ya Austin ilikuwa imeanza kuitumia mwaka 1951 katika gari la A30 na ambayo iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 2000. Umri huo mrefu ni neema na balaa kwa anayeifufua injini hiyo leo, kwa sababu vipuri bado vinapatikana kwa wingi, lakini hedi ya toleo moja mara nyingi hukaa sawasawa juu ya bloku ya toleo jingine, na kwa kuwa imekaa, mwenye gari hudhani kwamba inafaa.

Hedi ni kipande cha chuma kinachofunika silinda kwa juu na kubeba valvu, plagi, njia za kuingizia mchanganyiko wa hewa na petroli, na njia za kutolea moshi. Pistoni, inayopanda na kushuka ndani ya silinda, husukuma mchanganyiko huo ndani ya chumba kidogo kilichochongwa kwenye hedi, na hapo ndipo unapowashwa. Ujazo wa silinda pistoni ikiwa chini kabisa, ukigawanywa kwa ujazo unaobaki pistoni ikiwa juu kabisa, ndio uwiano wa mgandamizo, ambao mafundi huuita kompresheni. Ukiwa mdogo injini huwa nzito na hula petroli. Ukizidi, petroli hulipuka kwa fujo kabla ya wakati wake, injini hugonga, na pistoni huweza kutoboka.

Katika injini ya sentimita za ujazo 1275, pistoni hupitia takriban sentimita za ujazo 319 katika kila silinda. Nafasi inayobaki juu, ikijumuisha chumba cha hedi, unene wa gasketi na bonde la pistoni, ikiwa sentimita 40, uwiano huwa karibu 9 kwa 1. Nafasi hiyo ikipunguzwa hadi 34, uwiano hupanda hadi 10.4. Tofauti ya sentimita 6, ambayo haizidi sana kijiko cha chai, ndiyo inayotenganisha injini tulivu na injini inayodai petroli bora. Ndiyo maana hedi na pistoni hazichaguliwi kila moja peke yake, na ndiyo maana chumba cha hedi hupimwa kwa kukifunika kwa kipande cha plastiki angavu chenye tundu, kisha kukijaza mafuta ya taa kwa sirinji, badala ya kuamini namba iliyosubiwa juu yake. Hedi ambayo imewahi kupelekwa kuchongwa huwa imepoteza ujazo wake wa awali, na muuzaji hana desturi ya kulitaja hilo.

Udhaifu mkubwa wa injini hii uko katika kupumua, kwa kuwa silinda nne hugawana njia mbili tu za kuingizia mchanganyiko, kwa hiyo fedha inayotumika kwenye hedi huzaa zaidi kuliko inayotumika kwingineko. Hedi yenye namba 12G940, iliyotoka katika injini za 1275, hutamaniwa hata na wenye injini ndogo ya sentimita za ujazo 998. Lakini kipenyo cha silinda ya 998 ni milimita 64.6 tu dhidi ya 70.6 za ile kubwa, na valvu za moshi zikifunguka huweza kugota kwenye ukingo wa bloku, isipokuwa bloku ichongwe vijishimo. Kwa 998, hedi ya 12G295 ni chaguo la busara zaidi, ingawa chumba chake cha sentimita 28 hivi hushusha uwiano kikifungwa na pistoni za kawaida, hivyo huhitaji kuchongwa kwa kipimo.

Kwa upande wa pistoni, silinda iliyolika hupanuliwa na kupewa pistoni kubwa zaidi, kwa kawaida kwa hatua za nusu milimita hivi. Upanuzi wa milimita 1.5 huifanya 1275 kuwa takriban 1330, na uwiano nao hupanda hata kama hedi haikuguswa. Kila upanuzi hupunguza unene wa ukuta wa silinda na kuikopa injini maisha yake ya baadaye. Pistoni za alumini iliyosubiwa hutosha kwa barabara. Zile za kufuliwa ni imara zaidi, lakini nyingi hutanuka zaidi zikipata joto, huhitaji nafasi kubwa ndani ya silinda, na hupiga kelele asubuhi.

Liko pia suala la risasi, madini yaliyochanganywa katika petroli ya zamani na kulinda siti za valvu zisilike. Petroli hiyo iliondolewa sokoni Uingereza kufikia mwaka 2000 na katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006, kwa hiyo hedi ya zamani inastahili kuwekewa siti za chuma kigumu upande wa moshi.

Anayetaka gari la kwenda kazini na kurudi atahudumiwa vizuri na injini ya 1275 yenye uwiano wa karibu 9.5, hedi isiyo na ufa yenye valvu za kawaida, na pistoni za kusubiwa za saizi ndogo kabisa inayoondoa ulikaji. Valvu kubwa na pistoni za kufuliwa awaachie wa mashindano.