Kwenda Kutazama Picha za Tingatinga

Leo tutajifunza namna ya kutazama picha za rangi. Nanyi mlioko Maramba, tegeni sikio zaidi, maana habari hii inapita katika mashamba ya mkonge ya Tanga.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika Wilaya ya Tunduru. Shuleni alisoma miaka michache tu. Katika miaka ya 1950 alikuja Tanga kufanya kazi ya mkonge, na mwaka 1959 akaenda Dar es Salaam kutafuta riziki. Alianza kuchora mwaka 1968, naye ni mtu mzima wa miaka 36 hivi. Hakuwa na vifaa vya ghali: alitumia vipande vya ubao wa dari na rangi za kupaka baiskeli. Yeye alichora, na mkewe, Bibi Agatha, akaziuza picha hizo huko Oysterbay, penye maduka ya Morogoro Stores. Basi kazi ya mume na mke ikawa moja.

Mwaka 1972 Tingatinga alipigwa risasi akafa. Polisi walidhani gari alimokuwamo ni la wezi. Lakini kazi haikufa naye, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuwafundisha jamaa zake. Waliomfuata waliunda chama cha ushirika mwaka 1990, na jumba lao la picha liko Oysterbay hiyo hiyo. Kutoka Tanga mjini mpaka Dar es Salaam ni kilomita 350 hivi.

Mkifika huko, tazameni mambo matatu. Kwanza, mnyama: picha za mtindo wa mwanzo huwa na mnyama mmoja mkubwa, na nyuma yake rangi tupu. Pili, rangi: hung'aa kama baiskeli mpya. Tatu, pembeni mtaona herufi. Zisomeni! Ni jina la mchoraji. Mwenyewe aliandika E. S. Tingatinga, waliomfuata huandika majina yao, maana kila mtu ana haki ya jasho lake. Lakini kuweni macho: jina peke yake si ushahidi, kwani ziko picha za bandia zilizoandikwa jina la Tingatinga.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Tingatinga alianza kuchora akiwa na umri gani?
2. Bibi Agatha alifanya kazi gani?
3. Kwa nini mchoraji huandika jina lake?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.