Kikokotoo Kilichoimba

Paukwa! Pakawa!

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo sina sungura wala fisi. Nina wanaume wanne wa mji wa Düsseldorf, Ujerumani, na kikokotoo, kile kile cha kujumlishia hesabu za duka.

Walikuwa Ralf Hütter, Florian Schneider, Karl Bartos na Wolfgang Flür. Bendi yao iliitwa Kraftwerk. Studio yao waliiita Kling Klang, maneno ya kuiga mlio wa vitu vinavyogongana. Jina hilo peke yake linawaambia kuwa humo ndani watu walikuwa wakicheza.

Walipiga vinanda vya umeme. Hulia vipi? Weka kiganja kifuani, useme “mmm”. Unasikia kinavyotetemeka? Sauti yoyote ni mtetemo. Umeme ukiitikisa spika mara 440 kwa sekunde, utasikia noti moja. Ukiitikisa mara 880, utasikia noti ile ile, ila ya juu zaidi. Basi hata kidude cha mkononi, kikiwa na umeme na spika, kinaweza kuimba.

Mwaka 1981 wakatoa albamu, Computer World. Wimbo wake mmoja, Pocket Calculator, ni wa mtu anayebonyeza kikokotoo na kupata muziki. Humo wakapiga Stylophone, kinanda kidogo kilichouzwa kama kichezeo cha watoto: unagusa bati kwa kijiti mfano wa kalamu, nacho kinavuma kama nyuki aliyenaswa chupani. Wimbo mwingine, Numbers, ni kuhesabu tu, kwa Kijerumani, Kiingereza, Kijapani, Kirusi na lugha nyingine, huku mdundo ukitwanga chini. Mdundo huo ukavuka bahari hadi New York, na mwaka 1982 wanamuziki wa huko, Afrika Bambaataa na kundi la Soulsonic Force, wakautumia katika Planet Rock, wimbo uliotikisa hip hop.

Sasa sikilizeni sehemu niipendayo. Jukwaani watu hawa walisimama kimya, wamekauka kama roboti. Lakini ukifika wimbo wa kikokotoo, walisogea hadi ukingoni wakiwa na vyombo vidogo mkononi, wakainama, wakawanyooshea watazamaji. Mtu wa mbele akibonyeza, tii! Ukumbi mzima ukausikia mlio wake ndani ya wimbo.

Mtu yule hakuhitaji kusomea muziki. Alihitaji kidole kimoja. Nyinyi, wajukuu zangu, mnavyo kumi kumi.