Bima ya Afya Hukatwa Kabla ya Ugonjwa

Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kabisa kufanya kazi kwa kawaida huhitaji kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, takribani saa nne kila mara. Kwa mwaka ni mara 156. Asipopandikizwa figo, ataitegemea mashine hiyo maisha yake yote.

Kwa familia isiyo na bima, hesabu hiyo huanza kwa akiba, ikafuata mikopo ya kikoba, kisha mifugo, na mwishowe shamba. Ndugu na majirani huchanga, lakini michango huchoka kabla ya ugonjwa. Ndipo mgonjwa huanza kuja mara mbili kwa wiki, kisha mara moja. Anapofika miguu ikiwa imevimba na pumzi zikimbana, mhudumu asiharakishe kumlaumu kwa kupuuza ushauri. Huenda ameishiwa fedha, hata nauli.

Nchini Tanzania, wananchi walianza kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za serikali mwaka 1993. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996, na sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ikatungwa mwaka 1999, ikianza na watumishi wa umma. Wakulima, wavuvi na wachuuzi wengi walibaki nje ya mfumo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekusudia kuliziba pengo hilo.

Hata hivyo, sheria peke yake haiwezi kuifanya bima iwe nafuu. Mfuko unaojiungwa na wagonjwa pekee hutoa zaidi ya unachopokea. Hulazimika kupandisha michango, na michango ikipanda, wenye afya hujitoa. Unafuu hupatikana wazima wanapojiunga mapema, na serikali inapowalipia wasio na uwezo. Jambo hili si geni kwetu. Tumezoea kuchangiana wakati wa msiba. Bima hutuomba tuchangiane mapema, ili msiba wenyewe uepukike.

Kwa wahudumu wa afya, nafasi ya kwanza ya kulizungumza suala hili ni kliniki ya shinikizo la damu na kisukari, magonjwa ambayo huharibu figo kimyakimya kwa miaka mingi. Siku mgonjwa anapopewa majibu, aulizwe pia kuhusu bima, kwa upole na faraghani. Asiye na uwezo aelekezwe kwa afisa ustawi wa jamii, ili hali yake ichunguzwe na apewe utaratibu wa msamaha.

Nawe mgonjwa, kabla ya kujiunga uliza mambo matatu: kitita cha mafao kinagharimia huduma zipi na kwa kiwango gani; utaratibu wa rufaa ukoje; na huduma huanza lini baada ya kulipa. Ukishajiunga, hakikisha mchango haukatiki.

Bima haiponyi figo. Humwezesha mgonjwa kuifikia mashine siku zote tatu alizoandikiwa, na watoto wake wakabaki na shamba la kulima.