Kadi ya Idi: mashine ikate, mkono uandike



Kila Idi inapokaribia, simu zetu hujaa salamu za aina moja, zilizotungwa na mtu tusiyemjua na kusambazwa kwa mamia ya watu. Hatuzidharau. Lakini Suratun Nisaa, aya ya 86, inatuelekeza kuyajibu maamkizi kwa yaliyo bora zaidi, au kwa mfano wake. Je, shangazi aliyetulea hastahiki zaidi ya hayo?

Familia zenye uwezo zaweza kutengeneza kadi nyumbani kwa mashine ndogo ya kukatia karatasi. Mojawapo, Cricut, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 2006. Mashine za siku hizi huongozwa na kompyuta au simu. Karatasi ngumu hubandikwa juu ya mkeka wa plastiki wenye gundi hafifu, kisha kisu kidogo hufuata mchoro uliochaguliwa, uwe mwezi mwandamo au kuba la msikiti.

Maandishi ya Kiarabu yanahitaji uangalifu. Katika maneno "Eid Mubarak", dali, alifu na ree haziungani na herufi zinazofuata, na nukta za yee na bee husimama pekee. Maneno yakikatwa hivyo, hutoka vipande vipande. Ni vyema kuyatoboa kwenye kadi yenyewe mfano wa dirisha, kisha kubandika karatasi ya rangi kwa nyuma. Kitone cha ndani ya mimu kitadondoka. Kihifadhiwe, kirudishwe mahali pake kwa gundi.

Tutahadhari pia tusikate jina la Mwenyezi Mungu wala aya za Qur'ani, kwani mabaki huishia jalalani, na kadi yenyewe huenda ikatupwa siku moja.

Asiye na mashine asivunjike moyo. Mkasi na penseli vyatosha. Jambo kubwa ni kwamba mtoto aandike ndani, kwa mkono wake, jina la anayepelekewa na dua ya kumwombea.

Na kadi ya kwanza tumpelekee nani? Mtume (s.a.w.) ametukataza kuhamana zaidi ya siku tatu, na akatubainishia kuwa mbora wa wawili waliohamana ni yule anayeanza kwa salamu. Basi iende kwa ndugu yule tuliyekatana naye usemi, na mtoto wetu aipeleke mlangoni pake.

Wabillahi tawfiq.