Printa inakokota? Usikimbilie kununua nyingine

Kama umewahi kusimama kwenye saiba ukiwa na fomu ya basari inayofungwa saa kumi jioni, unajua presha yake. Mhudumu ameshabonyeza, printa imenyamaza, wewe unaangalia saa. Dakika moja. Mbili. Halafu inakohoa ukurasa mmoja na kulala tena.

Hiyo ndiyo hali niliyoikuta Meru, kwenye ofisi ndogo ya kuchapisha karibu na soko la Gakoromone. Mwenyewe, ambaye humwita Anti kwa sababu ni rafiki ya mamangu, ana duka lingine Embu lenye printa ya aina ile ile, zilinunuliwa siku moja. Ya Embu inatema karatasi bila kupumua. Ya Meru, noma tupu. Fundi alikuwa ameshamwambia mashine imezeeka, na Anti alikuwa tayari kuchukua mkopo wa chama anunue mpya. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina cheti cha kukuonyesha, lakini hesabu hiyo ilikataa kuingia kichwani. Pacha wawili, mmoja amezeeka na mwenzake bado kijana?

Basi kabla hujagusa M-Pesa yako, fanya hivi: iambie printa ichapishe ule ukurasa wake wa kujipima, kwa vitufe vyake yenyewe, bila kompyuta yoyote. Ya Anti iliutoa mara moja. Maanake mashine ni nzima, muda unapotelea njiani.

Na njia yenyewe ilikuwa vituko. Kompyuta mbili za Windows, moja ya Ubuntu (leseni ni pesa, Ubuntu ni bure) na Mac ya Anti. Printa iko kwa Wi-Fi, imeunganishwa na Windows moja, na wengine wote wanapitia kwa huyo mmoja wakimtafuta kwa jina. Ni kama kila abiria wa Embu alazimishwe kupitia nyumbani kwa makanga kwanza. Makanga akilala, hakuna safari.

Nikakaa kwenye Ubuntu, nikapiga ping kwa jina la ile kompyuta. Kimya cha sekunde kadhaa, kisha ikasema haimjui mtu huyo. Nikapiga kwa anwani yake ya IP, jibu papo hapo. Mwizi ndiye huyo! Kila ukichapisha, jina lilikuwa linaulizwa kwanza kwa ruta, ruta inauliza seva za kampuni ya intaneti, ambazo zitajuaje kompyuta ya Gakoromone inaitwaje? Mpaka safari hiyo ikate tamaa ndipo Ubuntu inaanza kupiga kelele humu ndani ikiulizia. Kila faili, upya.

Dawa haikugharimu hata soo mbili. Tulivuta kebo kutoka kwa ruta hadi kwa printa, tukaiagiza ruta iipe printa anwani moja isiyobadilika, kisha kila kompyuta ikaelekezwa huko moja kwa moja. Kwa Windows unachagua njia ya TCP/IP, ambayo hutumia poti 9100. Ubuntu na Mac zote mbili huchapisha kwa mfumo uitwao CUPS, uliotoka 1999 na kununuliwa na Apple 2007, kwa hivyo ukishajua moja umejua nyingine: weka IPP, poti 631. Kuchapisha kupitia Windows ya mwenzako kumekuwa ngumu zaidi tangu 2021, Microsoft ilipokaza masharti ya draiva baada ya ule udhaifu wa PrintNightmare. Achana nako.

Pale kwenye Windows nilikuta pia printa tatu mfu, za miaka iliyopita, na moja ndiyo ilikuwa imewekwa ya kwanza. Ndiyo sababu Word ilikuwa inaganda kabla hata hujachagua kurasa: ilikuwa inamtafuta marehemu. Nikafuta zote.

Bado fomu zilizoskaniwa zilikuwa nzito, na hapo lawama si ya mtandao. Ukurasa wa A4 kwa ubora wa nukta 600 kwa inchi una nukta karibu milioni 35. PDF ya maandishi ni maelekezo tu, lakini picha ya fomu mara nyingi hubebwa nukta kwa nukta. Shusha hadi 300 na unabaki na robo ya mzigo, milioni 9 hivi, na afisa wa basari hataona tofauti. Picha za wateja wa harusi ziachie 600.

Anti hakuchukua mkopo. Wiki tatu baadaye akanipigia, safari hii akiwa Embu.

“Kijana wangu, sasa hii ya huku ndiyo imekataa kabisa.”

“Anti, kuna mtu amebadilisha ruta?”

Kumbe watu wa intaneti walileta mpya asubuhi hiyo. Ya zamani ilikuwa inagawa anwani za 192.168.1, hii inagawa za 192.168.0, na kompyuta zote bado zilikuwa zinabisha kwenye nyumba iliyohamwa. Akaweka simu kwa spika, nikamwelekeza nikiwa kwa stage nasubiri gari la Nkubu, na baada ya dakika kumi nikaisikia printa ikianza kutema.